Mgongo wa Pwani

Ushairi wetu wa visiwani umezoea kutazama baharini. Azifunguaye diwani zetu, za kale na za leo, atakutana na majahazi na manahodha, nanga na makasia, kusi na kaskazi, lulu na mawimbi. Bara ikitajwa, hutajwa kwa mbali, kama mahali pa kuletewa bidhaa au pa kupotelea. Mfano wetu ni wa mtu aliyeketi barazani, uso ameuelekeza njiani, mgongo ameuegemeza ukutani. Wapita njia anawajua mmoja mmoja kwa majina na kwa nasaba. Lakini hajapata kugeuka akautazama ukuta unaomtegemeza. Nakusudia kuuzungumzia ukuta huo, na sina njia bora ya kuuzungumzia ila kusimulia safari niliyoifanya Oktoba 2024, polepole, kwa gari, kwa kuifuata pwani ya kusini mpaka Mtwara, kisha kupanda Newala na kuteremkia Masasi.

Mimi ni mtu wa Unguja, na kwa zaidi ya miaka thelathini kazi yangu ni kutunga na kufasiri. Shule niliiacha mapema. Walionisomesha ni kamusi, vitabu vya mitumba na wazee wenye subira. Nimefasiri hadithi, barua za wasafiri na vipande vya historia, na mara nyingi nimekesha kwa ajili ya neno moja. Lakini ndani ya nyumba yetu wenyewe palikuwa na maneno ambayo hakuna kamusi iliyonisaidia. Mama yangu, Mungu amrehemu, alikuwa na wimbo akiuimba kila alipopepeta mchele. Si wa Kiswahili. Aliupata kwa bibi yake, naye hakujua maana yake. Aliyajua mahadhi na sauti za maneno, basi. Sauti hizo niliziandika katika daftari nilipokuwa kijana, kama nilivyozisikia, nikaziweka.

Bibi huyo, mzaa bibi yangu, sikumdiriki. Mama alinisimulia kwamba alikuwa na tundu katika mdomo wa juu, na daima akilifunika kwa ncha ya kanga, hata mbele ya wajukuu. Alipoulizwa kwao ni wapi, alijibu neno moja tu: Lindi. Watu wa nyumbani walilipokea neno hilo kwa faraja, kwani Lindi ni pwani, ina misikiti na minazi, na mtu wa Lindi ni mtu kama sisi. Hata hivyo, tundu la mdomo halikuwa desturi ya waungwana wa pwani. Hilo ni tundu la ndonya, kipande cha mti walichokivaa wanawake wa Kimakonde, na wa Kimwera na Kimakua, jirani zao. Asili yake ni juu, nyuma ya Lindi na Mtwara, mpaka ng'ambo ya Ruvuma. Je, bibi alitekwa akauzwa? Au alikuja kwa miguu yake, kama walivyokuja wengi wa kusini baadaye, kuchuma karafuu? Hakuna aliyeuliza, na aliyejua hakusema. Soko la watumwa la Mkunazini lilifungwa mwaka 1873, na mwaka 1897 utumwa ukaondolewa katika sheria za Unguja na Pemba. Lakini aibu haikuwekewa sheria, ikabaki majumbani mwetu ikirithiwa kama vyombo vya shaba.

*

Gari letu lilikuwa Hiace ya zamani, mali ya rafiki yangu mmoja wa Dar es Salaam ambaye ni fundi makanika. Aliving'oa viti vya nyuma, akaweka kitanda cha mbao, jiko la gesi la mafiga mawili, madumu mawili ya maji na mapazia ya kanga. Ulaya watu wengi huwa na magari ya namna hii, wakayaendesha polepole ufukweni majira ya joto yanapomalizika na umati wa watalii umeondoka. Sisi hatuna desturi hiyo, wala gari hilo hatujalipa jina. Mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, ndiye aliyekuwa dereva, na yeye aliliita Konokono, kwa kuwa lilibeba nyumba na mwendo wake ulikuwa huo.

Neno la majira nalo lina kisa chake, na wafasiri wenzangu watanielewa. Mzungu akiandika kuhusu majira ya majani kupukutika, kamusi zetu hutupa neno vuli. Lakini vuli yetu ni mvua: mvua fupi za Oktoba hadi Desemba, zinazokuja baada ya demani kutulia. Mfasiri huandika vuli, na msomaji wa Unguja akaona matope mahali mwandishi alipoona majani makavu. Tena, ukienda kusini kabisa, kwenye mikoa ya Lindi na Mtwara, hata vuli hiyo haipo. Huko mvua ni msimu mmoja, unaoanza Novemba au Desemba na kumalizika Aprili au Mei. Oktoba ni mwezi mkavu, mwekundu, wa vumbi na korosho. Kwa hiyo majira niliyosafiri hayana jina katika Kiswahili changu. Wenyeji huyaita msimu, bila kuongeza neno, na kila mtu anajua kwamba ni msimu wa korosho.

Tulilala tulipofika. Jioni ikiingia, tulimtafuta mwenyekiti wa mtaa au wa kitongoji, tukasalimu, tukaomba mahali pa kuegesha. Hakuna hata mmoja aliyetukatalia. Daraja la Mkapa juu ya Rufiji, lililofunguliwa mwaka 2003, tulilivuka kwa miguu, mpwa akitufuata nyuma na gari kwa kuwa mimi na kivuli changu tulitaka kuuona mto. Kabla ya hapo watu wa kusini walikuwa wakingoja pantoni, na wakati wa masika walingoja siku nyingi. Somanga tuliona mahali ambapo mvua za mwanzoni mwa Mei 2024 zilikata barabara na kuwatenga tena watu wa Lindi na Mtwara na Dar es Salaam. Kusini imekuwa mbali siku zote, na mara nyingi umbali wake haukupimwa kwa maili.

Mpwa wangu akaniuliza, "Mjomba, kwa mwendo huu tutafika lini?"

Nikamwambia, "Waliotutangulia walikwenda kwa miguu, na mizigo kichwani. Tuna haraka gani?"

Kilwa nitaipita upesi, kwani imeandikwa na wengi: Msikiti Mkuu na Husuni Kubwa, na sifa alizoimwagia Ibn Battuta alipofika mwaka 1331. Kisiwa hicho kimo katika urithi wa dunia wa UNESCO tangu 1981, na kinastahili. Lakini Kilwa yenye kutuhusu sisi wa Unguja ni ile nyingine, Kilwa Kivinje, iliyo bara, yenye nyumba za mawe zinazomomonyoka na mikoko mbele yake. Hiyo ndiyo iliyokuwa bandari kubwa ya kupakia watumwa wa kuja kwetu katika karne ya 19. Wageni huonyeshwa Kilwa ya wafalme. Tuliketi katika hii ya pili, tukanywa kahawa ya tangawizi, na hakuna aliyetuonyesha kitu, kwa kuwa hakuna mnara wala kibao cha kutosha kulieleza jambo lenyewe.

Lindi niliikaribia kwa moyo wa kudunda, kwa sababu ya lile neno la bibi. Ni mji uliolala kando ya ghuba, wenye upepo mwanana na watu wasiopenda makelele. Wapenzi wa ushairi watakumbuka kwamba hapa ndipo alipotoka Abdul Karim bin Jamaliddini, mtungaji wa Utenzi wa Vita vya Maji-Maji, ambao W. H. Whiteley aliufasiri kwa Kiingereza ukachapishwa mwaka 1957. Alivitunga vita vya watu wa bara kwa bahari ya pwani, namaanisha bahari ya utenzi. Na ni miongoni mwa wachache wa kwetu waliogeuka wakautazama ukuta. Namna alivyowaona wapiganaji ni mjadala mwingine. Mimi namshukuru kwa kugeuka.

Baada ya Mikindani, ambako Livingstone aliteremka mwaka 1866 kwa safari yake ya mwisho, na baada ya Mtwara, tuliipa bahari kisogo. Tangu kuzaliwa kwangu sijapata kufanya tendo hilo kwa kukusudia.

*

Njia ya kutoka Mtwara kwenda Masasi kwa kupitia Nanyamba, Tandahimba na Newala ni kilomita 210 hivi, na tulipopita, mahali pengine palikuwa lami, pengine kifusi, pengine mchanga mtupu wenye kulimeza gurudumu. Unapanda bila ya kujua kuwa unapanda, mpaka usiku uingie na baridi ikwambie. Kila upande ni mikorosho, yenye matawi yaliyoinama kama watu wanaorukuu. Mti huu nao ni mgeni: Wareno waliuleta kutoka Brazili, na jina lake la huko, caju, ndilo lililozaa kanju letu la Unguja. Huku tunda huliita bibo, na harufu yake ya tamu na ukali imejaa kila kijiji. Korosho huokotwa chini, huanikwa kwenye majamvi, huchambuliwa kwa mkono, kisha hupelekwa ghalani na kuuzwa kwa mnada kupitia vyama vya ushirika. Mwaka 2018 bei zilipozozaniwa, serikali iliingiza jeshi kununua zao hili kwa shilingi 3,300 kwa kilo. Mpaka leo ukitaja mwaka huo, wazee hunyamaza kwanza kabla ya kukujibu.

Lakini kitu cha thamani kuliko korosho katika uwanda huu ni maji. Mchanga wake huyanywa maji ya mvua yote. Hakuna mto juu, wala kijito. Chemchemi hutokea chini, kwenye miguu ya magenge, na kwa vizazi na vizazi wanawake waliteremka na kupanda na mitungi. Mradi wa maji wa Makonde ulianza miaka ya 1950, nao umesaidia, lakini nyumba nyingi bado zina tangi la saruji lililochimbiwa ardhini, la kukingia maji ya paa, na tangi hilo huwa na mfuniko, na mfuniko huwa na kufuli. Tandahimba mzee mmoja alituletea maji ya kunywa katika kikombe cha plastiki, akakishika kwa mikono miwili. Sijapata kupewa maji kwa heshima ile.

Kwa nini watu wakakaa pasipo maji? Wamakonde wenyewe wana kisa. Mtu wa kwanza alikaa peke yake msituni, hajioshi wala hanyoi nywele. Siku moja akachonga sanamu ya mti, akaisimamisha nje ya nyumba yake. Usiku ikawa mwanamke, akawa mkewe. Wakaenda kukaa mtoni, mtoto wao akazaliwa mfu. Wakahamia bonde jingine, wa pili naye akazaliwa mfu. Ndipo waliporudi juu, kwenye kichaka kikavu, mtoto wa tatu akaishi, na wazao wake wakawa Wamakonde. Ni taifa, basi, lililotokana na uchongaji, nalo liliyakimbia maji ili liishi. Nilipokisikia kisa hiki kwa wenyeji nilifikiri mengine pia. Mabondeni ndimo zilimopita njia za misafara. Aliyekaa kando ya maji alionekana. Aliyekaa juu, ndani ya kichaka, alijificha. Sisi tuliojengea miji yetu maji hatuna budi kukisikiliza kisa hicho mara mbili.

Aliyekiandika kisa hicho zamani ni Karl Weule, mtaalamu wa Kijerumani kutoka jumba la makumbusho la Leipzig, aliyefika Masasi na Newala mwaka 1906, moto wa Maji Maji ukiwa haujapoa. Alikuja na kamera, na chombo cha kunasia sauti kwenye silinda za nta. Watu waliimba mbele ya pembe la chombo hicho, na silinda zikapelekwa Ujerumani. Kitabu chake kilitoka mwaka 1908, na mwaka uliofuata kikatoka kwa Kiingereza, mfasiri akiwa Alice Werner. Jina hili wasomaji wa jarida hili wanalifahamu. Ni huyo huyo Alice Werner aliyehariri Utendi wa Mwana Kupona pamoja na William Hichens, ukachapishwa mwaka 1934. Jambo hili lilinishughulisha sana nilipokuwa Newala. Mkono mmoja uliwafasiria Waingereza habari za wanawake wa Kimakonde wenye ndonya, na mkono huo huo ukawafasiria maneno ya mama wa Pate kwa binti yake. Kwa mfasiri huyo, uwanda na kisiwa vilikuwa kazi moja. Kwetu vimekuwa dunia mbili.

*

Newala tulikaa siku tano, tumeegesha chini ya mwembe katika uwanja wa familia moja ya wakulima. Bibi wa nyumba hiyo alikuwa na chale usoni, na juu ya mdomo wa juu palikuwa na kovu lililoziba. Hakulifunika kwa kanga. Siku ya kwanza nilimwamkia.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Umetoka wapi?"

"Unguja."

"Unguja," akarudia taratibu, akichambua korosho. "Kule walikokwenda wasirudi."

Hakuna kitabu kilichopata kuniambia habari za kisiwa changu kwa maneno machache hivyo.

Siku ya tatu, alasiri, alipokuwa ameketi jamvini na majirani zake wawili, wanawake wa makamo, nilimwomba ruhusa nimwimbie wimbo wa mama. Mpwa wangu akatoa simu ili arekodi. Nikaimba, kwa sauti ninayoweza, zile sauti za daftari. Mkono wa bibi ulisimama juu ya korosho. Akaniashiria nirudie. Niliporudia, majirani wale wawili waliangua kicheko, wakaficha nyuso zao kwa kanga, bibi hakucheka.

"Nani alikuimbia wewe?"

"Mama yangu."

"Yeye alifundishwa na nani?"

"Na bibi yake."

"Basi bibi yake alichezwa ngoma huku kwetu. Mdomo umeuharibu, maneno mengine yamekufa, lakini wimbo ni huu." Kisha akamgeukia mpwa wangu. "Zima hicho, mjukuu wangu."

Nikamwuliza maana yake. Bibi akanitazama kama mwalimu anavyomtazama mtoto anayetaka kuchungulia mtihani.

"Maana yake ni ya wanawake. Wimbo wa mwali huu, wa ndani. Mama yako hakujua anachokiimba. Angejua, asingekuimbia wewe. Una binti?"

"Ninaye."

"Mlete."

Mazungumzo yakaishia hapo. Sikumsihi, na wala sikuona kwamba nimenyimwa kitu. Mfasiri huzoea kuamini kwamba kila neno lina mlango, na kwamba ufunguo ni juhudi. Bibi alinionyesha mlango wenye mlinzi, na mlinzi alikuwa na haki. Unyago ni shule, na shule ina masharti yake. Nimezaliwa Unguja, ambako ngoma za unyago tumezisikia utotoni zikivuma usiku kutoka nyumba za pembezoni. Marehemu Bi Kidude, Fatuma binti Baraka, aliyefariki Aprili 2013, alikuwa somo mkubwa wa ngoma hizo, na dunia nzima ilimjua. Tulimsifu kama hazina ya kisiwa chetu, na ndivyo alivyokuwa. Lakini ngoma zile zilivuka bahari pamoja na watu wa huku, Wamakonde, Wayao na wenzao. Waliporwa majina, makabila na nasaba. Wanawake wakabaki na ngoma, wakaifundisha kwa siri, na siri ndiyo iliyoihifadhi. Lau ingekuwa wazi, ingechekwa ikafa.

Jioni ile tulikwenda Shimo la Mungu. Ndilo jina wanaloliita genge la ukingo wa Newala, mahali uwanda unapokatika ghafla na nchi kuanguka. Chini kabisa ni bonde la Ruvuma, rangi ya majivu na kijani, na mto wenyewe kama uzi wa fedha. Ng'ambo ni Msumbiji, ambako Wamakonde wengine wamekaa uwanda wa Mueda. Vita vya ukombozi vilipoanza kule Septemba 1964, wengi walivuka mto huu kuja upande wetu. Upepo wa pale hupiga kutoka chini kuja juu, na unaposimama ukingoni husikii kitu ila huo. Mpwa wangu, ambaye si mtu wa mashairi, alisimama kimya muda mrefu kisha akasema, "Mjomba, kumbe na bara ina pwani yake." Usiku, katika gari, kwa mwanga wa tochi, nilitunga beti moja:

Bahari nimezowea, mawimbi na pepo zake,
Leo bara natembea, juu ya uwanda wake,
Bibi alikotokea, nimekwenda njia yake,
Pwani yatazama mbele, nani kaona mgongo?

*

Kutoka Newala njia huteremka magharibi, na Masasi hutangazwa na majabali yake. Ni milima ya mawe matupu, iliyosimama mmoja mmoja katika nchi tambarare kama tembo waliolala. Chini ya mmoja wao, Mtandi, pana kanisa la Kianglikana na nyumba za misheni. Nami, ingawa si wa dini hiyo, nilifika pale kama mtu anayezuru kaburi la ndugu wa mbali.

Mwaka 1876 Askofu Edward Steere aliondoka Unguja na kiasi cha watu hamsini, wanaume kwa wanawake, waliokombolewa utumwani, akapita Lindi, akaja nao mpaka hapa. Steere twamjua. Ndiye aliyekusanya hadithi za Waswahili wa Unguja akazichapisha mwaka 1870, na ndiye aliyejenga kanisa la Mkunazini juu ya uwanja wa soko lililofungwa. Shabaha ya msafara ilikuwa mbali zaidi, kwenye nchi za karibu na ziwa Nyasa, lakini walipofika Masasi watu wale walipapenda, wakakaa. Steere alirudi kisiwani, wao hawakurudi.

Fikiria, ewe msomaji, watu wale. Walitekwa wakiwa wadogo, kutoka makabila mbalimbali. Walivushwa bahari. Sasa wamerudishwa bara, lakini si makwao, kwani wengi hawakuweza tena kupajua kwao. Waliketi chini ya jabali na lugha moja tu inayowaunganisha, nayo ni Kiswahili cha Unguja, walichokipata utumwani na katika shule za misheni. Naam, katika nchi hii Kiswahili hakikuletwa na wafanyabiashara peke yao. Kililetwa pia vinywani mwa watu ambao sisi hatukuwahi kuwahesabu kuwa Waswahili. Kisha wakapambana na yote: mwaka 1882 Wangoni walioitwa Magwangwara waliuvamia mji wao wakaua na kuteka, na sehemu ya misheni ikahamia Newala, kwa Matola, mwaka 1905 Maji Maji iliichoma Masasi tena. Kila mara walijenga upya. Mmoja wa kizazi hicho ni Cecil Majaliwa, Myao aliyetekwa utotoni, akalelewa Unguja, akawa padri mwaka 1890, akafanya kazi Chitangali katika nchi ya Newala. Na wilaya hii ya majabali ndiyo baadaye iliyomtoa Benjamin Mkapa, aliyezaliwa Lupaso mwaka 1938, akawa Rais wa Tanzania kuanzia 1995 hadi 2005, na jina lake ndilo lililopewa lile daraja la Rufiji.

Nilizunguka Mtandi asubuhi nzima. Wanafunzi wa shule walipita wakitusalimu, na Kiswahili chao kilikuwa safi, chenye lafudhi nzito kidogo ya kusini. Niliwaza kwamba biashara kati ya kisiwa na uwanda haikuwa ya upande mmoja, hata katika dhuluma yake. Kilichopanda huku ni lugha. Kilichoteremka kwetu ni ngoma na watu. Lugha tumeitungia mashairi ya kuisifu, tukaieleza nasaba yake hadi Uarabuni na Shirazi. Ngoma na watu hatujawatungia kitu. Mwenye kutaka kujua ushairi wetu umepungukiwa nini asiende mbali.

*

Tulirudi kwa njia ya bondeni: Ndanda, yenye abasia na hospitali ya Wabenediktini chini ya genge la uwanda, kisha Mtama, kisha Mnazi Mmoja, njia panda ya Lindi. Hili ni bonde la Lukuledi, lililopitwa na misafara ya kwenda na kutoka pwani. Lami ni nzuri. Konokono aliteleza bila ya kulalamika. Nilikaa kiti cha mbele, nikatazama upande wa kushoto na kulia: michungwa, mikorosho, wanawake wenye majembe, watoto wenye mabibo mkononi. Mchana kutwa sikuweza kusoma wala kuandika.

Tulipoiona bahari tena, ilionekana ghafla, baina ya minazi, na nilishangaa kwamba sikufurahi kama nilivyotarajia. Niliwaza mtoto wa kike anayeiona kwa mara ya kwanza kutokea upande huu, hajui kuogelea, hajui chombo ni nini, hana neno la kuiita. Nikalikumbuka jibu la mzaa bibi yangu. Nyumbani tulidhani kwamba Lindi ilikuwa kificho, jina la pwani lililowekwa juu ya jina la bara ili watu wasimdharau. Huenda. Lakini mfasiri hufunza masikio yake kusikia neno pande zake zote. Kama alipakiwa hapa, basi Lindi ni mahali pa mwisho alipokanyaga nchi yake, na mtu anapoulizwa ametoka wapi, hutaja mlango aliotokea. Tena, Kiswahili chetu kina neno lindi jingine, lisilo la mji: lindi ni shimo refu lisilopimika, na mpaka leo twasema mtu amezama katika lindi la mawazo. Bibi alikijua Kiswahili. Aliishi nacho na akafa nacho. Kila alipoulizwa kwao ni wapi, alifunika mdomo wake kwa ncha ya kanga akajibu kwa neno moja, na sisi tuliomzunguka, watu wa mashairi, wapenzi wa mafumbo, hatukumwuliza ni lindi gani.

Daftari nimempa binti yangu. Msimu ujao atapanda Newala pamoja na mama yake. Mimi nitawasindikiza mpaka bandarini.